Karani wa Msalani wa Inverkell

Inatangazwa kwa wote wanaohusika, na kwa wale wasiohusika ambao hata hivyo hawaishi kusema, kwamba ukweli juu ya kukua na kufungwa kwa Kiwanda cha Meli cha Strachan na Wanawe, Inverkell, kando ya Mto Clyde, sasa utatolewa rasmi. Utatolewa na mimi, Ebenezer Pettigrew, Karani Mkuu wa Idara ya Muda wa Haja. Nilikaa mlangoni pa choo cha wafanyakazi miaka ishirini na sita, sikukosa hata siku moja, isipokuwa siku niliyomzika mama yangu, na hata siku hiyo saa nane mchana nilikuwa nimerudi.

Wataalamu wamekwisha kusema mengi. Wako wanaowalaumu Wajapani, wako wanaolaumu chama cha wafanyakazi, na yupo bwana mmoja wa chuo kikuu anayelaumu hali ya hewa. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa nilipokaa mimi. Anayetaka kujua afya ya kiwanda asiende ofisini kwa mkurugenzi, ambako watu huingia wamekwisha kujiandaa. Aende pale ambapo kila binadamu, awe fundi chuma, seremala au mpaka rangi, lazima apite angalau mara moja kwa siku.

Kiwanda kilianzishwa na Mzee Hector Strachan, mtu wa kanisa, asiyekunywa, asiyevuta na asiyecheka. Alikuwa na saa ya mfukoni na shaka moja: kwamba wafanyakazi wake wanapokwenda chooni hawaendi kwa ajili ya choo. Basi akajipima mwenyewe mwaka mzima, baridi na kiangazi, akagundua kwamba mwili wa Mprotestanti mwenye afya unahitaji dakika saba. Wakatoliki nao wakapewa saba hizo hizo, jambo ambalo enzi zile lilihesabiwa kuwa maendeleo makubwa.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila mtu alikuwa na kipande cha shaba chenye namba yake. Akifika ananikabidhi, naandika saa aliyoingia. Akitoka namrudishia, naandika saa aliyotoka. Zikizidi saba anapewa hati ya kukatwa robo saa ya kazi, na kwenye safu ya mwisho ya daftari naandika sababu ya kuchelewa. Kibanda changu kilipakwa rangi ya kijivu, kwa kuwa kijani ingeleta ugomvi na mashabiki wa timu ya mpira ya buluu, na buluu ingeleta ugomvi na mke wangu, shabiki wa ile ya kijani. Ndani ya choo chenyewe mlikuwa na ubao mrefu wenye matundu ishirini, na chini yake mfereji wa maji yaliyovutwa kutoka mtoni. Vyumba havikuwa na milango. Mzee Hector aliamini kwamba mlango huzaa siri, na siri huzaa chama cha wafanyakazi.

Chini ya mfumo huo kiwanda kilistawi. Watu elfu nne waliingia getini kila asubuhi, na meli mia mbili na kumi na tatu zilishuka mtoni na kwenda kila pembe ya dunia. Wapo wanaosema meli hizo ziliundwa na mafundi. Sibishani nao. Mafundi walisaidia.

Kisha mambo yakaanza kulegea. Mjukuu wa mzee, Bwana Torquil, alipata fedha za serikali za kukifanya kiwanda kiwe cha kisasa. Wahandisi walimwomba kreni mpya, maana zilizokuwepo zilikuwa za mwaka 1911, na mojawapo ilikuwa haigeuki upande wa kulia. Bwana Torquil alifikiri kwa kina, kisha akaagiza saa kubwa kutoka Uswisi ikatundikwa juu ya mlango wangu. Mwaka uliofuata nikapewa msaidizi. Baadaye msaidizi naye akapewa wa kumsaidia. Ilipofika mwaka 1966 idara yangu ilikuwa na watumishi kumi na mmoja, na kiwanda kilikuwa kinaunda meli moja. Kwa uwiano huo, hakuna taifa lililotukaribia.

Nakiri palikuwa na utovu wa nidhamu. Baadhi ya mafundi walikuwa wakikunja mashua ya karatasi, wanaipakia matambara yenye mafuta, wanaiwasha moto na kuiachia mferejini upande wa juu. Mashua ilipita chini ya matundu yote ishirini, na kila ilipopita mtu alisimama wima bila kuamriwa. Katika taarifa yangu ya mwaka niliandika kwamba hivyo ndivyo vyombo pekee vilivyoshushwa majini kwa wakati. Mimi nilikuwa nalalamika. Bodi ililipokea lalamiko hilo kama takwimu, ikaliingiza kwenye kitabu cha wenye hisa.

Sasa nimtaje Lachlan Cargill, kwa sababu watu husema nilimwonea, na yeye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu Nettie. Lachlan alianza kugonga ribiti, misumari ya kuungia mabamba ya meli, akiwa na miaka kumi na sita, na nyundo zikamla masikio. Kufikia arobaini alikuwa kiziwi kabisa. Wenzake wakamchagua kuwa msemaji wao, wakisema kiongozi asiyesikia vitisho ni nusu ya ushindi.

"Shemeji, dakika nane na sekunde kumi," nilimwambia siku moja huku nikiandika.

"Inua uso ukisema nami."

"Nimesema dakika nane na sekunde kumi."

"Sasa je? Tumbo langu halikutengenezwa Uswisi." Alichukua kipande chake akakifuta kwenye suruali. "Haraka haraka haina baraka, Eben. Hebu siku moja uingie wewe humo ndani, nikupigie saa mimi."

"Sheria ni msumeno, shemeji, hukata mbele na nyuma."

"Huo wako unakata nyuma tu. Na nyuma yenyewe ni yangu."

Nikamkata robo saa. Jioni hiyo nyumbani niliwekewa viazi vitupu. Nilimwuliza Nettie nyama iko wapi.

"Imechelewa," akasema. "Andika sababu."

Kazi ya umma ina machungu yake.

Meli ile moja iliyobaki ilikuwa Namba 214, kivuko cha Kapteni Tveit wa Bergen. Mnorwe huyo alikuwa mtu wa maneno machache, na yote yalikuwa kwenye mkataba: meli ikishuka majini wakati wa bamvua, maji makuu, ya tarehe kumi na nne Machi, ataagiza nyingine mbili. Isiposhuka siku hiyo, anakwenda kuagiza kwingine. Clyde kwetu ni nyembamba, na meli kubwa haishuki ila maji yajae hasa, na kujaa huko hakumalizi nusu saa. Naye Bwana Fanshawe, aliyetumwa na Wizara kutoka London akiwa na mwavuli na begi, alitangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba serikali ina moyo. Meli mbili zikiagizwa, kiwanda kitaishi. Zisipoagizwa, geti litafungwa.

Siku ya pili yake Lachlan alikuja kibandani akasimama upande wangu wa dirisha.

"Leo sina haja," akasema. "Nimekuja kuongea. Tumebaki watu mia tisa. Tumekubaliana kuanzia kesho tutatumia dakika tano. Mbili tunaipa meli."

Nilimweleza kwamba kanuni haina kifungu cha dakika tano.

"Basi kitunge. Eben, mimi nina miaka hamsini na miwili. Mwaka juzi tuliposimamishwa nilikwenda ofisi ya kazi, nikakaa kwenye benchi. Karani akaniita jina mara tatu akiwa amenipa mgongo. Sikujua. Akaitwa mwingine. Hili geti likifungwa, mimi nimekwisha. Nani ataajiri kiziwi?"

Niliandika kifungu cha dakika tano kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa wiki tisa hakuna hata mtu mmoja aliyekizidi. Walikunywa chai yao wamesimama kwenye jukwaa, mvua ikiongezea maji kikombeni. Walikula mikate yao kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika nyundo. Watumishi wangu kumi na mmoja walikaa bure wakicheza karata. Nilimwonea Lachlan fahari, ingawa sikumwambia, kwa kuwa fomu ya jambo hilo haikuwepo.

Tarehe kumi na nne Machi ikafika. Jukwaa la wageni lilipambwa bendera, wake wa wakubwa wakaja na kofia zao, na chupa ya mvinyo ikafungwa kwenye kamba tayari kwa kuvunjwa ubavuni mwa meli, kama ilivyo desturi. Meli ilikuwa imesimama juu ya mteremko ikizuiwa na magogo machache tu, na Lachlan na kundi lake walikuwa chini yake na nyundo mkononi. Kwa mujibu wa mkataba hakuna gogo lililoruhusiwa kuguswa kabla Bwana Torquil hajapunga leso nyeupe, na atakayeligusa kabla ya hapo angeshtakiwa kwa hujuma. Maji yalitazamiwa kujaa kabisa saa sita na dakika kumi.

Saa sita na dakika nne Bwana Torquil na Bwana Fanshawe walifika mlangoni pangu. Choo cha wakurugenzi, chenye viti vya mbao za mninga, kilikuwa kimefungwa ili kifanywe cha kisasa.

"Kipande chako, Bwana Mkubwa," nikasema.

"Pettigrew, kiwanda hiki ni changu."

"Ndivyo, Bwana Mkubwa. Nikupe cha mgeni?"

"Nipe chochote."

Nikawapa viwili vya wageni, wakaingia, wakaketi matundu mawili yanayopakana. Ninasisitiza kwamba sikutega sikio. Vyumba, kama nilivyoeleza, havina milango.

"Hii meli ikishuka," nilimsikia Bwana Fanshawe, "yule Mnorwe ataagiza zake mbili, nasi tutalazimika kuwabeba watu hawa miaka mitatu mingine."

"Nami ardhi nimekwisha kuwaahidi wale wa maghala," akasema Bwana Torquil.

"Basi hatuna haraka."

"Haraka ya nini? Hapa pana utulivu wa ajabu. Una gazeti?"

Gazeti lilikuwepo. Nilisikia linagawanywa. Mzee Hector, Mungu amrehemu, alikuwa sahihi kabisa: wapo watu wanaokwenda chooni si kwa ajili ya choo. Alikosea ukoo tu.

Dakika ya saba nikagonga ubao, kama kanuni inavyotaka. "Muda umekwisha, Bwana Mkubwa."

"Asante, Pettigrew."

Dakika ya kumi na nne nikagonga tena. Nikashukuriwa tena. Hapo Lachlan akaja anakimbia, nyundo ingali mkononi.

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Mtoe."

"Shemeji, sina mamlaka ya kumtoa. Ninayo ya kumwandika."

Alinitazama. Kisha akageuka akautazama mto, ambao ulikuwa umeanza kuonyesha tope pembeni. "Maji yanaondoka, Eben," akasema taratibu. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alikwenda akaketi juu ya rundo la mbao akaficha uso kwenye kofia yake, na mabega yakawa yanatikisika. Mimi nilimtandika mtu yule robo saa mara thelathini na nane katika maisha yake, na siku ile iliniuma kuliko nilivyopata kuumwa na jambo lolote. Sikuliandika, kwa kuwa alikuwa nje ya choo.

Saa sita na dakika ishirini na sita wakubwa wakatoka. Nilimwandikia kila mmoja hati yake ya robo saa. Bwana Torquil alicheka, akaikunja akaitia mfukoni, akasema hii ndiyo inayofanya kiwanda chetu kipendwe. Kule mtoni Kapteni Tveit alivua kofia mbele ya meli yake, akaivaa tena, akaondoka na treni ya saa tisa.

Mei geti likafungwa. Sababu rasmi, iliyobandikwa kwenye kila nguzo, ilikuwa uvivu wa wafanyakazi. Lakini magazeti yalianza kuuliza maswali, kwa hiyo Wizara ikaunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Ochiltree, ikakaa Glasgow katika ukumbi wenye zulia. Tume ilihitaji ushahidi wa uvivu huo kwa tarakimu. Ikagundulika kwamba katika kiwanda kizima, kilichoishi miaka themanini na mitatu, kumbukumbu pekee zilizokuwa kamili ni zangu.

Sitaficha furaha yangu. Nilinunua tai mpya. Daftari zililetwa kwa lori. Wafanyakazi walijaa viti vya nyuma, na Bwana Torquil na Bwana Fanshawe waliketi mbele, wamekunja miguu.

"Bwana Pettigrew," akasema Jaji, "tufungulie siku ya kushusha meli. Wafanyakazi wangapi waliingia chooni kuanzia asubuhi hadi saa sita?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Hakuna? Kati ya watu mia tisa?"

"Walijizuia, Mheshimiwa. Walisema wataingia meli ikishashuka. Mmoja alipelekwa hospitali."

Jaji alivua miwani. "Kwa hiyo siku ile choo hakikutumika."

"Kilitumika na wageni wawili. Waliingia saa sita na dakika nne, wakatoka saa sita na dakika ishirini na sita. Walizidisha dakika kumi na tano."

"Majina yao?"

Nikasoma majina. Bwana Torquil alikunjua miguu.

"Na sababu ya kuchelewa?"

Nikaisoma kama ilivyoandikwa. "Walikuwa wanafunga kiwanda."

"Hayo ni maneno yako, Bwana Pettigrew?"

"Maneno ni yao, Mheshimiwa. Mwandiko ndio wangu." Na kwa kuwa safu haikutosha siku ile, nilikuwa nimeendelea nyuma ya ukurasa, nikageuza nikasoma yote: Mnorwe, miaka mitatu, maghala, utulivu wa ajabu, gazeti. Kisha kule nyuma mtu mmoja akaanza kucheka, wa pili akampokea, na Tume ikalazimika kuahirisha kikao hadi kesho yake.

Kiwanda hakikufunguliwa. Nasema hivyo kwa wanaopenda hadithi ziishe vizuri. Namba 214 ilishushwa bamvua ya kwanza baada ya geti kufungwa, na watu waliokwisha kuachishwa kazi, bila leso wala chupa, ikateleza bila kukwaruza kitu. Lakini meli mbili zilikuwa zimekwisha kupewa watu wengine, na watu wa maghala walikuwa wamekwisha kupiga uzio. Bwana Torquil, aliyekuwa ameahidiwa uenyekiti wa Mamlaka ya Kufufua Mto, hakuupata. Bwana Fanshawe alihamishiwa Idara ya Minara ya Taa, kwenye kisiwa chenye kondoo.

Waziri mwenyewe alibanwa bungeni siku mbili. Ili kuonyesha kwamba hakuna aliye juu ya sheria, alitangaza kwamba utaratibu wa dakika saba utaanza kutumika mara moja katika vyoo vya Wizara, kwa wote, kuanzia mjumbe hadi yeye. Nilituma maombi siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja kwenye karatasi nzito: Bwana Pettigrew ana sifa zote za kazi hii, ila anasikia mno.

Wizara ilitaka karani mwaminifu, aliyetoka kiwandani ili magazeti yaridhike, na, kwa mstari uliopigiwa chini mara mbili, aliyethibitishwa na daktari kuwa hasikii kitu. Lachlan alipimwa masikio na madaktari watatu. Mmoja alipiga filimbi, mwingine akaangusha sahani. Akaajiriwa. Nettie alilia kwa furaha, akamfulia kaka yake shati jeupe, na jioni ile mimi nilipewa nyama ya kusaga vijiko vinne.

Kuna swali moja tu ambalo Wizara haikumwuliza, na kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya jibu lake, yeye hakulijibu. Mahali penye nyundo elfu moja zinazogonga chuma, hakuna anayemsikia mwenzake, awe kiziwi au si kiziwi. Sisi sote wa kiwandani tulikuwa tunaongea kwa kutazamana midomo. Mtu wa kwenye kreni aliagiza chai kwa mtu wa chini kabisa kwenye mkuku wa meli, akaletewa na sukari yake sawasawa. Katika wote hao, bingwa alikuwa Lachlan. Yeye anasoma hata midomo iliyoshika kiko.

Anamwandikia dada yake kila Ijumaa. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa kumi na nne, na habari za hali ya hewa zilichukua nusu ukurasa. Kwenye barua ya tatu mlikuwa na mpango wa kufunga viwanda vingine vitatu vya mto wetu, mpango ambao Waziri alikuwa hajawaambia hata mawaziri wenzake. Nettie aliusoma Jumamosi asubuhi, na saa sita mchana alikuwa amemaliza kuzunguka baa zote za Inverkell, yeye asiyekunywa. Jumatatu, maofisa walipofika na minyororo na kufuli, walikuta wafanyakazi wa viwanda vyote vitatu wamekwisha kuketi ndani ya mageti, chai inachemka, mawakili wako pembeni, na waandishi wa magazeti wamepewa viti. Viwanda hivyo vinaunda meli mpaka leo ninapoandika.

Waziri ameagiza uchunguzi mkali wa namna siri ilivyovuja. Wapiga chapa wamehojiwa, na madereva, na wafagizi, na Mrusi mmoja anayeuza maua barabarani. Imeundwa kamati ya watu watano, na kwa kuwa hakuna chumba kinachoaminika tena katika jengo lile zima, kamati hukutana kila Jumatatu saa nne asubuhi, msalani, ambako imehakikishiwa kwa vyeti vya madaktari watatu kwamba hakuna anayesikia.